MIJI YA WENZETU: Kutwa Moja kwa Miguu Katika Bergen

Mtembezi hula miguu yake, ndivyo wasemavyo wazee, na maneno hayo ni ya kweli kwa mtu azungukaye mji bila kujua anatafuta nini. Lakini msafiri aliyepewa kutwa moja tu katika mji wa ugeni, naye akawa amekwisha kujua anachotaka kukiona, miguu yake haimpotezei kitu bali humfaidia. Jambo hili huonekana wazi katika Bergen, mji wa bandari ulio katika pwani ya magharibi ya nchi ya Norwei, ambako merikebu za matembezi hushusha maelfu ya watu asubuhi na kuwapakia tena jioni.

Merikebu hizo hazichukui shehena wala barua. Ni kama nyumba za wageni ziendazo majini: abiria hulala humo, hula humo, na baada ya kila siku moja au mbili huamka katika bandari nyingine. Kabla ya kufika, makarani wa merikebu huwauzia abiria safari za kuongozwa. Basi huwangoja gatini, kiongozi hushika kibao chenye namba, na watu arobaini humfuata popote aendapo. Si vibaya kufanya hivyo, hasa kwa wazee na watu wasiojiweza. Lakini sehemu ya kale ya Bergen haizidi mwendo wa nusu saa kutoka mwisho mmoja mpaka wa pili, na mtu mwenye miguu mizima, ramani na saa ya mkononi hana haja ya kuongozwa. Tena yapo mambo ambayo basi huyapita bila kusimama, nayo ndiyo yanayoeleza mji huu uliishi kwa chakula gani, ulimdai nani, na uliumia wapi.

SAA NA MVUA

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni saa. Watu wa nchi zilizo karibu na ikweta wamezoea kuamini jua: likitua ni saa kumi na mbili, wala hapana shaka. Katika Bergen hesabu hiyo haifai kitu. Mwishoni mwa mwezi wa Juni jua hutua baada ya saa tano za usiku na kuchomoza tena saa kumi za alfajiri, na katika Desemba mchana wote hautimizi saa sita. Merikebu za matembezi huja zaidi wakati wa kiangazi, na msafiri alionaye jua bado lingali juu aweza kudhani kwamba ana wakati mwingi, kumbe ngazi ya merikebu iko karibu kuinuliwa. Kwa kawaida merikebu huwangoja watu waliochelewa katika safari ambayo yenyewe iliwauzia, lakini aliyetoka peke yake haingojwi. Akiachwa, ni juu yake kuifuata mpaka bandari ijayo kwa gharama yake mwenyewe. Basi ni vizuri aiandike saa ya mwisho aliyoambiwa, apunguze saa nzima, kisha aifanye hiyo iliyobaki kuwa ndiyo saa yake.

Jambo la pili ni mvua. Pepo zitokazo katika bahari ya Atlantiki hufika pwani hii zikiwa zimejaa maji, hukutana na milima iliyouzunguka mji, hupanda, hupoa na kumwaga mzigo wao. Mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, kiasi ambacho mkulima wa chai wa Kericho angekipokea kwa furaha. Tangu mwishoni mwa Oktoba 2006 mpaka Januari 2007 mvua ilinyesha kila siku kwa zaidi ya siku 80 mfululizo, wala shughuli za mji hazikusimama. Koti la mvua hufaa kuliko mwavuli, maana upepo wa bandarini huugeuza mwavuli ndani nje, na viatu vyenye nyayo zisizoteleza hufaa kuliko viatu vya kung'aa. Fedha ya nchi ni krone, lakini karibu kila duka na kila gari hupokea malipo kwa kadi ya benki, kwa hivyo hapana haja ya kubadili fedha nyingi.

Merikebu kubwa hufunga mahali pawili. Moja ni Skolten, chini ya ngome ya kale, na ya pili ni upande wa Jekteviken, ambako watu hawaruhusiwi kutembea kwa miguu katikati ya mitambo ya bandari, bali huchukuliwa kwa gari. Msafiri aulize mapema atashukia wapi. Kuuliza si ujinga.

NGOME YA WAFALME

Ashukaye Skolten hutembea dakika chache tu akaifikia ngome ya Bergenhus. Kwa masimulizi ya kale, mji ulianzishwa mwaka 1070 na Mfalme Olav Kyrre, na katika karne ya 13 wafalme wa Norwei walikuwa na makao yao hapa. Mfalme Håkon Håkonsson alijenga ukumbi wa mawe kati ya mwaka 1247 na 1261, na ukumbi huo ulitumika kwa arusi ya mwanawe Magnus aliyemwoa Ingeborg, binti wa mfalme wa Denmark. Ungali umesimama mpaka leo, na hujulikana kama Ukumbi wa Håkon.

Mtu autazamaye asiyejua habari zake hudhani kwamba haukuguswa na kitu kwa karne saba. Lakini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Norwei ilipokuwa imetekwa na Wajerumani, merikebu ya Kiholanzi iitwayo Voorbode ilikuwa imefunga karibu na ngome hii ikiwa na zaidi ya tani 100 za baruti. Asubuhi ya tarehe 20 Aprili 1944 ililipuka. Watu wengi wa mji walikufa, maelfu walijeruhiwa, mapaa ya nyumba za bandarini yaling'olewa, na kipande cha nanga yake kilirushwa mpaka juu ya mlima. Ukumbi ulibaki kuta tupu. Wenyeji waliutengeneza upya, wakaufungua mwaka 1961, miaka 700 kamili baada ya arusi ile.

MBAO, SAMAKI NA DENI

Kutoka ngomeni, njia hufuata maji mpaka Bryggen, safu ya nyumba za mbao zenye mapaa ya pembe, nyekundu, nyeupe na rangi ya haradali. Picha ya nyumba hizi imechapwa katika kadi nyingi sana, na abiria wengi husimama mbele yake, hupiga picha, kisha huingia dukani kununua fulana ya sufu. Walakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mambo yenyewe yako nyuma, katika vichochoro vya mbao vilivyo vyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa shida, mahali panaponuka lami na mbao za zamani.

Yapata mwaka 1360, wafanyabiashara wa miji ya kaskazini ya Ujerumani, walioungana katika chama kilichoitwa Hansa, waliweka hapa ofisi yao kuu, nao walikaa mpaka mwaka 1754. Biashara yao ilikuwa ya samaki mkavu. Mbali sana kaskazini, katika visiwa vya Lofoten, samaki mkubwa wa bahari ya baridi ambaye Wanorwei humwita torsk huja karibu na pwani kila mwaka kutaga mayai, kuanzia Januari mpaka Aprili. Wavuvi humpasua, humfunga wawili wawili kwa mkia, na kumtundika juu ya vichanja vya miti. Hapana chumvi wala moshi. Baridi na upepo hufanya kazi yote, na baada ya miezi michache samaki amepoteza kama sehemu nne katika tano za uzito wake, amekuwa mgumu kama ubao, na aweza kukaa miaka bila kuoza. Katika Ulaya ya siku zile, ambayo kanisa liliikataza kula nyama siku nyingi za mwaka, chakula kama hicho kilikuwa na bei nzuri. Hata leo samaki huyu hupelekwa Italia na Nigeria, ambako amekuwa kitoweo cha heshima.

Lakini mtu hawezi kuishi kwa samaki peke yake, na kaskazini ya Norwei haikuweza kuotesha nafaka ya kutosha. Wajerumani walikuwa na unga wa shayiri nyeusi kutoka nchi za bahari ya Baltiki. Hapo ndipo deni lilipozaliwa. Mfanyabiashara wa Bergen alimpa mvuvi unga, nyavu, kamba na nguo kabla ya samaki kupatikana, akaandika katika daftari. Msimu ulipokwisha, mvuvi alisafiri kwa tanga majuma kadhaa kuleta samaki wake, na bei ya samaki na bei ya unga zilisemwa na mtu yule yule. Mara chache deni lilikwisha. Na maadamu halijakwisha, mvuvi hakuwa na ruhusa ya kumwuzia mwingine. Mwana aliweza kurithi mashua ya baba yake pamoja na ukurasa wake katika daftari la mfanyabiashara. Mkulima yeyote aliyewahi kuchukua unga dukani kwa ahadi ya mavuno atalitambua jambo hili bila kufafanuliwa. Kukopa arusi, kulipa matanga.

Haki itaka pia isemwe kwamba bila unga ule watu wengi wa kaskazini wangekufa kwa njaa katika miaka mibaya, na kwamba mkopeshaji naye alipata hasara mashua zilipozama. Walakini mambo hayakubadilika sana kwa hisani ya wakopeshaji. Wajerumani walipoondoka, wafanyabiashara wa Kinorwei waliishika desturi ile ile. Yalibadilika wavuvi walipoungana wenyewe. Mwaka 1938 ilianzishwa jumuiya ya wavuvi ya kuuza samaki, iitwayo Norges Råfisklag, na sheria ya mwaka huo huo iliipa mamlaka ya kuweka bei ya chini kabisa ambayo mnunuzi atamlipa mvuvi anapofikisha samaki pwani. Tangu mwaka 1360 mpaka 1938 ni karibu miaka 600. Hiyo ndiyo habari iliyo nyuma ya nyumba za rangi, nayo haiandikwi katika kadi za posta.

MOTO NA VIJITI

Mji wa mbao hukaa na adui yake nyumbani. Mwaka 1702 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Bergen, na nyumba za Bryggen zionekanazo leo zilijengwa baada ya moto huo kwa mtindo ule ule wa zamani. Mwaka 1916 moto mwingine ulikula mamia ya nyumba katikati ya mji, na ndiyo sababu mitaa ya sehemu ile ni mipana kuliko mingine: ilipanuliwa ili moto usiweze kuvuka.

Wajerumani wa Bryggen waliogopa moto kiasi cha kukataza jiko, na hata taa, katika nyumba zao za mbao. Vijana waliotoka Ujerumani kujifunza biashara, ambao hawakuruhusiwa kuoa maadamu wako kazini, walilala katika vitanda vilivyofungwa kama makabati, wakati wa majira ya baridi, bila moto wowote. Kupika na kuota moto kulifanyika katika nyumba maalum za nyuma, ziitwazo Schøtstuene, karibu na Kanisa la Maria. Nyumba hizo zimehifadhiwa na msafiri aweza kuziingia. Jengo jingine la Hansa, liitwalo Finnegården, lililojengwa mwaka 1704, lilifungwa mwaka 2018 kwa matengenezo makubwa ya miaka mingi, kwa hivyo ni vizuri kuuliza kwanza kabla ya kulifuata.

Mwezi wa Julai 1955 Bryggen iliungua tena, na karibu nusu ya nyumba zilizokuwa zimebaki ziliteketea. Wapo waliosema kwamba hizo nyingine nazo zibomolewe ili mji upate nafasi. Lakini wataalamu, wakiongozwa na Asbjørn Herteig, walianza kuchimba majivuni, wakachimba kwa zaidi ya miaka 10. Kila tabaka la majivu lilikuwa moto mmoja wa zamani ambao mwaka wake ulijulikana, na hivyo kila kitu kilichopatikana kati ya tabaka mbili kiliweza kupewa tarehe.

Kitu kilichostaajabisha kuliko vyote ni vijiti. Kiasi cha maandishi 670 kwa herufi za kale za watu wa kaskazini, ziitwazo runi, yalipatikana yamechongwa juu ya mbao na mifupa. Zamani ilidhaniwa kwamba herufi zile zilikuwa za makaburi ya wakuu na mambo ya uchawi. Vijiti vya Bryggen vilionyesha kwamba watu wa kawaida waliandika. Vingi ni vibandiko vya biashara: jina la mwenye mzigo, limefungwa juu ya gunia. Vingine ni hesabu, barua za madeni, sala, na maneno ya mapenzi. Kimoja, cha yapata mwaka 1200, kinamwamuru mtu fulani arudi nyumbani kwa neno la mwanamke aitwaye Gyda, na haielekei kwamba mtu huyo alikuwa kanisani. Karani yeyote aliyewahi kuandika jina juu ya furushi ili lisipotee stesheni ana ndugu zake hapa wa miaka 800 iliyopita. Vitu hivi vimewekwa katika Makumbusho ya Bryggen, yaliyofunguliwa mwaka 1976 juu ya misingi ile ile iliyochimbwa. Mwaka 1979 Bryggen iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco.

Hata sasa hatari haijakwisha, ila imebadili sura. Nyumba hizi zimesimama juu ya magogo na takataka za karne nyingi, na mbao zilizozama katika udongo wenye maji hazipati hewa, basi haziozi. Maji ya chini ya ardhi yaliposhuka kwa sababu ya ujenzi wa kisasa wa jirani, magogo yalianza kuoza na nyumba kuzama. Mafundi wakafanya kazi ya kuyarudisha maji ya mvua ardhini. Hivyo mvua ile ile wanayoilalamikia wageni ndiyo inayozishika nyumba wanazokuja kuzipiga picha.

SOKONI

Mwishoni mwa ghuba liko soko la samaki, na hapana mahali pa Bergen panapojaa wageni kama hapa. Wenyeji wamenunua na kuuza samaki kwenye ghuba hii tangu karne ya 13. Leo meza nyingi za kiangazi zimewekwa kwa ajili ya watu wa merikebu: kamba wa baharini, kaa wakubwa, samaki wa kuvutwa kwa moshi, na bei ya kumfanya mtu asome kibao mara mbili. Mwenye haja ya kuonja na aonje kidogo. Asiye na haja aweza kutazama bure, kisha akala katika duka la mikate la mtaa wa nyuma.

Hapa pia ndipo panapojadiliwa swali kubwa la mji. Abiria wa merikebu amelipia chakula chake mapema, basi hutumia barabara, vyoo na vichochoro vya mji bila kuacha fedha nyingi. Merikebu nazo zilikuwa zikiwasha mitambo mchana kutwa na kumwaga moshi kati ya milima. Kwa sababu hiyo wakuu wa mji wameweka kikomo cha merikebu na abiria wa siku moja, na tangu mwaka 2020 merikebu kubwa zenye vifaa vifaavyo huweza kupata umeme kutoka nchi kavu na kuzima mitambo. Mgeni aendaye kwa miguu, alipaye kiingilio cha makumbusho na kununua chakula chake kwa mwenyeji, hana neno la kulaumiwa.

NYUMBA AMBAYO MABASI HAYASIMAMI

Kutoka sokoni, msafiri akiuacha msongamano na kufuata mtaa uitwao Kong Oscars gate kuelekea stesheni ya gari la moshi, atafika baada ya dakika chache kwenye ua wenye majengo ya mbao na kanisa dogo. Hii ni Hospitali ya Mtakatifu Jørgen. Ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 15 kwa wagonjwa wa ukoma, na wagonjwa wake wawili wa mwisho walikufa mwaka 1946. Majengo yaliyopo yalijengwa baada ya moto wa 1702. Sasa ni makumbusho, na hata aliyechelewa na kukuta mlango umefungwa hatajuta kusimama nje ya ua ule na kuyajua yaliyotendeka humo.

Vyumba vimepangwa kuzunguka ukumbi, na kila chumba ni kidogo kama stoo ya mahindi. Watu wawili walikaa ndani yake. Wagonjwa walipika wenyewe katika jiko la pamoja, na kanisa lao lilikuwa hatua chache kutoka kitandani. Walioingia hapa hawakutazamiwa kutoka.

Katikati ya karne ya 19 ukoma ulikuwa msiba mkubwa wa Norwei ya magharibi, hasa kwa wakulima na wavuvi maskini. Karibu watu 3,000 walikuwa nao, na Bergen ilikuwa na hospitali tatu za ugonjwa huo. Mwaka 1856 serikali ilianzisha daftari la taifa, ambamo kila mgonjwa wa nchi nzima aliandikwa jina lake, mahali pake na hali yake. Lilikuwa daftari la kwanza la namna hiyo duniani kwa ugonjwa wowote. Mwaka 2001 kumbukumbu za ukoma za Bergen ziliingizwa katika orodha ya Unesco ya kumbukumbu za dunia. Kazi ile ilikuwa ya makarani na wachungaji wa mashambani pamoja na madaktari, na matunda yake yalionekana baadaye, maana mwenye hesabu sahihi aliweza kuona ugonjwa unakoongezeka na unakopungua.

Daktari mkuu wa siku zile, Daniel Cornelius Danielssen, aliyeandika pamoja na mwenzake Boeck kitabu mashuhuri juu ya ukoma mwaka 1847, aliamini kwamba ugonjwa huo hurithiwa katika damu. Ili kuthibitisha kwamba hauambukizi, alijichanja mwenyewe kwa vitu vilivyotoka katika mwili wa mgonjwa. Msaidizi wake kijana, Gerhard Armauer Hansen, ambaye alimwoa binti yake, hakukubaliana naye. Mwaka 1873, hapa Bergen, Hansen aliona kwa hadubini vijidudu vyembamba kama vijiti katika nyama ya wagonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa kijidudu kutajwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa kudumu wa wanadamu. Ukoma haukuwa laana, wala haukuwa aibu ya ukoo.

Lakini habari haiishii hapo, na asomaye sifa za Hansen katika vitabu vifupi hukosa nusu yake. Hansen alishindwa kuotesha vijidudu vyake nje ya mwili wa mtu, na bila hivyo wataalamu wengine hawakumwamini. Mwaka 1879 alimchoma mwanamke mgonjwa jichoni kwa kisu kilichopakwa vitu vya mgonjwa mwingine mwenye ukoma wa namna nyingine. Hakumwomba ruhusa, kwa sababu, kama alivyokiri mwenyewe, alijua kwamba mwanamke huyo angekataa. Mwanamke alilalamika, na shauri likaenda mahakamani. Mwaka 1880 mahakama ya Bergen ilimhukumu Hansen kuondolewa katika kazi yake ya udaktari hospitalini. Aliachiwa cheo cha mganga mkuu wa ukoma wa nchi nzima, akakishika mpaka alipokufa mwaka 1912.

Msomaji ataona tofauti iliyopo. Mzee Danielssen alikosea katika maarifa, lakini mwili alioujaribu kwanza ulikuwa wake mwenyewe. Kijana Hansen alisema kweli katika maarifa, lakini mwili aliouchukua ulikuwa wa mwanamke maskini asiye na mtetezi. Na mwanamke yule, aliyekuwa mgonjwa, amefungiwa hospitalini na hana mali, alipata hukumu mbele ya daktari mwenye jina kubwa. Siku hizi kila hospitali iliyo njema humtaka mgonjwa atoe idhini kabla ya kujaribiwa dawa, na mashauri kama hili la Bergen ni miongoni mwa mambo yaliyofungua njia hiyo.

Ukoma wenyewe sasa huponywa. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeshauri wagonjwa wapewe dawa kadhaa kwa pamoja, na mtu anayeanza kuzitumia mapema hupona bila kupoteza vidole wala macho. Watu wa Alupe, karibu na Busia, ambako wagonjwa wa ukoma wa Kenya walitunzwa miaka mingi, wanajua ukubwa wa badiliko hilo.

MLIMA, KISHA GATI

Saa zikibaki, uko mlima Fløyen. Gari linalovutwa kwa kamba ya chuma juu ya reli, lililoanza kazi mwaka 1918, huondoka karibu na soko la samaki na kupanda mpaka meta 320 juu ya bahari kwa dakika chache. Toka huko mtu huona mji wote: ghuba, ngome, mapaa, visiwa, na merikebu yake mwenyewe ikiwa ndogo kama kichezeo. Siku za merikebu nyingi mstari wa kungojea huwa mrefu sana, na wengi huzimaliza saa zao bora wakiwa wamesimama hapo. Ni afadhali kupanda asubuhi mapema au jioni, na kushuka kwa miguu katika njia ya msituni, mwendo wa chini ya saa moja. Wingu likiufunika mlima, hapana sababu ya kupanda, kwa kuwa mtu hatanunua kitu ila ukungu. Wapendao muziki wa Edvard Grieg, aliyezaliwa hapa mwaka 1843, huweza kwenda kwenye nyumba yake ya Troldhaugen nje ya mji, lakini safari hiyo hula nusu ya siku, na mwenye kutwa moja hawezi kuila na nyingine.

Hilo ndilo jambo la mwisho la kushikwa. Mwenye kutwa moja hawezi kuona yote, naye akijaribu hataona hata moja. Na achague. Ngome na Bryggen asubuhi, makumbusho ya vijiti mvua inaponyesha, Mtakatifu Jørgen baada ya chakula, mlima ikiwa mbingu imefunguka, na gatini saa moja kabla ya wakati. Gharama yake ni ndogo kuliko ya basi. Jioni, atakapoulizwa mezani ameona nini, atakuwa na habari ya mvuvi aliyefungwa kwa unga, ya jirani waliokatazana taa, na ya mwanamke mgonjwa aliyemshinda daktari wake mahakamani. Mambo hayo hayakufichwa na mtu. Yako wazi kando ya njia, kwa kila apitaye taratibu na kuuliza.